Mwaka Niliomlinda Simba Jike

Binti yake alinipigia simu siku ya Jumanne, nikiwa nimekaa kwenye stuli nyuma ya jikoni hapa Kiogoro nikimenya ndizi. Mikono ilikuwa imejaa utomvu, nikapokea kwa ncha ya kidole. Akajitambulisha kwa heshima zote kuwa ni binti wa marehemu Afande Odera, yule wa wanyamapori. Neno marehemu ndilo lililonipa habari. Yeye alidhani nimeshasikia. Alisema baba yao aliugua figo kwa muda mrefu, kwamba mazishi ni Jumamosi ya wiki inayofuata kwao kando ya ziwa, na kwamba familia ingefurahi kama ningesema maneno machache kuhusu kazi yake huku kwetu, kwa sababu mzee alikuwa akinitaja. Nikamwuliza alikuwa akinitaja vipi. "Alikuwa anasema hakuna mtu alijua yule simba kuliko wewe," akasema. Nilimshukuru, nikamwambia nitafika Mungu akipenda, kisha nikarudi kwenye ndizi zangu na kuzimenya zote, hata zile zilizokuwa za kesho, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Hayo maneno machache ndiyo yaliyoninyima raha wiki hii. Nimefundisha shule za msingi maisha yangu yote ya kazi, na wazazi wa hapa wananijua kama mwanamke asiyepindisha mambo; mtoto akinidanganya kuhusu penseli niliyoiona kwa macho yangu ikiingia mfukoni mwake, alikuwa anakiona cha mtema kuni. Sasa niende nikasimame kando ya jeneza, nishike kipaza sauti, niseme alikuwa mchapakazi na mpenda wanyama? Nitasema, najijua. Lakini kabla ya kwenda kusema hayo nataka kuandika haya mengine, ya mwaka mmoja tu, mwaka niliomaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani nikingoja nafasi ya chuo cha ualimu. Habari za ukoo na utoto wangu naziacha. Kila mtu ana zake na zinafanana.

Mwaka huo simba jike alipanda kutoka mbugani akaingia kwetu. Nyuma ya Nyamache, ukiendelea kuelekea mpakani, mashamba ya chai hufika mahali yakakoma na ardhi ikaporomoka, na ukisimama pale ukingoni unaona nyasi za Transmara zimelala huko chini mpaka macho yachoke. Kati ya ukingo na nyasi pana korongo lenye vichaka vizito na kijito chembamba. Humo ndimo alimojificha na watoto watatu. Kwa wazee wetu simba alikuwa kitu cha hadithi. Hata wale wakongwe kabisa walikuwa wameonyeshwa tu mahali ambapo babu zao walimwua wa mwisho. Serikali ikamleta Afande Odera, mtu mrefu, mkimya, mwenye viatu vizito, asiyejua hata salamu ya Ekegusii, lugha yetu. Akamwomba chifu mtu mmoja anayeweza kuandika Kiswahili safi na kusema na wenyeji. Chifu akanitoa mimi, kwa sababu nilikuwa nimekaa bure na kwa sababu nilikuwa na mdomo. Kazi zilikuwa mbili: mchana kukaa na Odera juu ya jiwe moja kubwa ng'ambo ya korongo na kuandika kila afanyalo simba, na jioni kuwaeleza watu kwa lugha yao kwa nini wasimguse.

Siku ya kwanza juu ya lile jiwe nilimwuliza kwa nini mnyama ameacha nyasi zote zile na kuja kujibana kwenye shimo letu. Alinieleza polepole, darubini ikiwa machoni. Huko chini, dume mwenye kundi alikuwa amezeeka, wakaja madume wawili vijana wakampiga wakamfukuza. Dume mgeni akishachukua kundi, jambo la kwanza analofanya ni kuwatafuta watoto wa yule aliyetangulia na kuwaua mmoja mmoja, kwa sababu mama mwenye mtoto wa kunyonya hamtaki dume, na akifiwa anamtaka baada ya siku chache. Hawawali, alisema. Wanawauma kichwani au mgongoni, wanawaacha pale. Huyu wetu alitoroka na wake kabla hawajamfikia, na ndiyo sababu hatukumsikia akinguruma hata mara moja miezi yote ile: akinguruma, wale wawili wangejua alipo. "Amekimbilia kwetu sababu anaogopa wenzake kuliko watu," Odera akasema. Nikamwambia hajatujua bado. Akacheka kidogo, na mimi nikafurahi kwamba nimemchekesha mtu wa serikali.

Nilianza kwa kumwogopa yule simba na nikaishia kumjua kama unavyomjua jirani. Nilijua mpangilio wa vidoa kwenye mizizi ya sharubu zake, vitatu upande wa kulia na vinne kushoto, kwa maana ndivyo wanavyotambuliwa. Nilijua kwamba analala sehemu kubwa ya siku, nzi wakimtembea machoni, na kwamba akiamka hujinyoosha mbele kwanza halafu nyuma. Watoto walikuwa na madoa kama ya chui miguuni na tumboni. Aliwalamba matumbo ili wakojoe, aliwabeba kwa ngozi ya shingo mmoja baada ya mwingine na kuwahamisha kila baada ya siku chache ili harufu isikae mahali pamoja, na walipoanza kuota meno na kumng'ata chuchu aliwazaba kofi na kuwageuzia mgongo. Yote niliyaandika: saa, mahali, amefanya nini, kwa muda gani. Odera hakutaka maneno ya huruma kwenye daftari. Nikiandika amewakumbatia, alikata na kuandika amelala nao.

Yule wa tatu alikuwa dhaifu. Alizaliwa na mguu wa nyuma usiokaza, na wenzake walipoanza kumfuata mama yao kushuka kijitoni, yeye alibaki nyuma akilia kwa sauti kama ya paka aliyefungiwa stoo. Mwanzoni mama alirudi kumchukua. Kisha akawa anasimama na kungoja. Kisha akawa hangoji. Siku mbili mfululizo nilimsikia akilia kutoka kwenye mizizi ya mkuyu, na siku ya pili nilisimama nikamwambia Odera nateremka kumpelekea maziwa. Aliniambia nikae chini. "Hatukuja kuokoa, tumekuja kuangalia. Ukishaokoa huwezi tena kuandika ukweli." Nilikaa. Jioni mama alirudi, akamnusa, akamgeuza kwa ukucha, na alipoona hapumui akamla, akianzia tumboni. Niliandika saa na dakika. Nimejaribu mara nyingi kusema kwamba siku ile ndiyo iliyoniharibu, kwamba nilifundishwa kutazama na kunyamaza. Si kweli. Mtoto wa simba ni mtoto wa simba, na Odera hakuniambia ninyamaze kuhusu watu.

Miezi hiyo nililala kwa Kerubo. Alikuwa mke wa kijana aliyefanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai Kericho na kuja nyumbani mara moja kwa miezi miwili, na alikuwa na mtoto wa kike wa miezi minne. Jikoni kwake palikuwa na moshi, paa jeusi linalong'aa kwa masizi, kitanda cha kamba ambacho tulikalia wote, na vyungu vya maziwa lala vilivyosafishwa kwa mkaa. Odera alikula pale kila jioni kabla ya kwenda kwenye hema lake kambini kwa chifu. Kerubo alimpa ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga yetu chungu iliyolazwa kwenye maziwa usiku kucha, na mwanzoni mtu wa watu alikuwa akiimeza kama dawa ya malaria huku Kerubo akimtazama kwa makusudi mpaka amalize. Baada ya mwezi akawa anaomba kuongezwa. Kerubo hakumwogopa simba. Kila jioni alitaka kujua amenyonyesha mara ngapi, amekula nini, na akisikia hajala tangu juzi alisonya na kusema maziwa yatakatika. Alikuwa akisonga ugali kwa mkono mmoja, mtoto akiwa titi mdomoni, na anamsikitikia simba. Sijapata tena rafiki kama yule, na sijamtafuta.

Nyamweya alikuwa shemeji yake, kaka wa mumewe, na boma lake lilipakana na lile. Alikuwa mtu wa maneno machache na ng'ombe wazuri, na alipenda kupitia jikoni jioni kusikiliza. Ng'ombe walikuwa bado hawajaguswa wakati huo. Simba alikuwa akikamata ngiri na paa na mbwa mmoja mpumbavu. Kisha akamvamia nungu, kitu ambacho simba mwenye njaa hufanya na kujuta, na mwiba mmoja ukamkwama chini ya taya. Tuliuona kwa darubini, mweusi kwa mweupe. Jeraha likavimba, akashindwa kuuma vizuri, na mnyama asiyeweza kukimbiza wala kuuma vizuri hutafuta kilicho taratibu. Akachukua ndama wa watu wa ng'ambo, kisha mbuzi wawili. Odera aliagiza kwa redio daktari wa wanyama aje kumlaza na kumtoa ule mwiba. Dawa ya kumlazia ilikuwa tayari, chupa mbili ndani ya sanduku lake la bati lenye kufuli, lakini hakuruhusiwa kuitumia mwenyewe. Daktari alikuwa anakuja wiki ijayo. Kila wiki alikuwa anakuja wiki ijayo, na mimi ndiye niliyetumwa kuwaambia watu hivyo.

Jioni moja katika siku hizo Nyamweya aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujifunza, simba akiua ng'ombe huanza kula wapi. Mimi, msichana wa miaka kumi na tisa niliyekuwa na daftari, nilifurahi kuulizwa na mwanamume mzima. Nilimweleza kwa kirefu. Nikasema hafungui mguuni wala shingoni kama watu wanavyodhani, anapasua tumboni pale ngozi ilipo laini, na kitu cha kwanza anachotoa ni ini. Odera alikuwa ameshaondoka. Kerubo alisema kwa hiyo simba ana akili, anajua pazuri. Nyamweya alimaliza maziwa yake, akatuaga, akaenda zake.

Wajukuu wangu siku hizi hunionyesha simba kwenye simu. Dume amesimama juu ya jiwe, upepo katika manyoya, ngoma zinalia, mtu mwenye sauti nzito anamwita mfalme. Nawaambia waniondolee. Watu wanaopenda simba namna hiyo hawajawahi kunusa pumzi yake, na hawajui kwamba sehemu kubwa ya maisha yake ni kulala, kukosa, kujeruhiwa na kulisha watoto ambao wengi wao watakufa. Lakini pia nawachukia wanaosema simba ni mkatili. Simba hajui anachomfanyia jirani yake. Mimi nilijua, na ndiyo tofauti ninayoizungumzia hapa.

Ng'ombe wa Nyamweya, mmoja mwekundu aliyekuwa na mimba, alikamatwa kijitoni mchana kweupe. Wachungaji walipiga kelele na kurusha mawe, simba akamwachia koo akarudi kichakani, lakini kesho yake saa sita mchana ng'ombe akafa zizini. Alasiri niliporudi kutoka jiweni Nyamweya alinisimamisha kati ya mistari ya chai. Alikuwa anafuta mikono kwa majani. Aliniambia wamemburuta ng'ombe hadi mdomo wa korongo, na kwamba wamempasua kidogo ubavuni na kutia ile dawa ya punje ya kuulia wadudu wa mahindi. Hakuzungumza kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Nimeweka kwa ini," alisema. "Wewe ndiye ulituambia. Na wewe ni mtoto wetu, usipeleke hii maneno kwa huyo mtu wa ziwa."

Nitaeleza nilivyofikiri, kwa sababu nilifikiri, sikupigwa na butwaa. Daftari langu lilionyesha kwamba simba, baada ya kukosa ng'ombe, alikamata ngiri mkubwa aliyezeeka, asiyeweza kukimbia, usiku uleule na kula na watoto mpaka matumbo yakaburuta chini. Simba aliyeshiba hivyo hasogei siku mbili. Kwa hiyo hatafika kwenye ule mzoga leo, wala kesho asubuhi. Nikaamua kwamba kesho saa mbili, tukiwa jiweni, nitamwambia Odera mzoga unanuka na utawavuta fisi, tuuchome. Hatajua kuna dawa, Nyamweya hatajua nimesema, simba atapona, na hakuna atakayesema mimi, Moraa, ndiye niliyefundisha watu pa kuweka sumu. Niliona nimekuwa mwerevu sana. Nilikula viazi vitamu kwa Kerubo, nikambembeleza mtoto akalala, na mimi nikalala fofofo.

Kitu ambacho sikukifikiria ni kitu ambacho mtoto yeyote wa Gusii angekifikiria kwanza. Kwetu ng'ombe haozi. Akivunjika mguu, akifa kwa kuzaa, akianguka mtaroni, watu wanakuja na visu na majani ya migomba, anagawanywa kabla jua halijawa kali, na kila mtu anajua kipande kinachomfaa nani. Nyamweya aliwaambia watu wa upande wetu wasimguse, bila kusema kwa nini. Watu wa mlima wa pili, walioteremka kuchota maji alfajiri, hawakuambiwa na mtu. Walikuta ng'ombe mzima, mnene, mwenye jeraha la shingo na mkato mdogo ubavuni ambao hawakuujali, na walijua simba hakumla. Wakafanya kama ambavyo mama zao wangefanya. Tulipofika jiweni saa mbili niliangalia kwa darubini mdomo wa korongo na nikaona nyasi zilizolowa damu na kinyesi cha tumboni kilichomwagwa. Hapakuwa na hata kwato. Niliiacha darubini ikaanguka nikaanza kukimbia kupanda mlima, Odera nyuma yangu akiuliza kuna nini, nami sikumjibu.

Mama anayenyonyesha hupewa ini. Bibi kizee mmoja wa ule mlima wa pili, magokoro kama tunavyowaita, ambaye Kerubo alikuwa akimpelekea maziwa kila alipougua, alikuwa ameleta kipande kikubwa kimefungwa kwenye jani, bila kusema ni cha ng'ombe wa nani, akiona fahari kwamba safari hii yeye ndiye anayeleta. Nilipoingia jikoni bado palinuka nyama ya kuchoma. Kerubo alikuwa amekaa chini ameegemea kitanda, jasho likimtiririka, mate yakimtoka bila kukoma, misuli ya uso ikirukaruka yenyewe. Aliniona. Alinyoosha kidole kwenye sahani iliyofunikwa juu ya rafu na kusema maneno ambayo ilibidi niiname ili niyasikie: "Nimekuwekea yako." Odera alimbeba mgongoni hadi barabarani, tukapata baiskeli, na alikata roho kabla hatujafika Nyamache, kichwa chake kikiwa kimening'inia juu ya bega langu. Wengine waliokula walitapika na kuharisha, wakapona, kwa sababu walikula mapaja na mabega. Mtoto alikuwa amelala tangu alfajiri na hakuwa amenyonya. Ile sahani niliimwaga chooni na kuiosha mara tatu.

Tulimzika baada ya siku tatu. Siku iliyofuata chifu aliitisha baraza mbele ya kituo cha kupimia majani chai. Watu walijaa mpaka ndani ya chai yenyewe, mume wa Kerubo amekaa mbele, macho yamemvimba, amemshika mtoto vibaya kama mwanamume asiyezoea. Odera alikaa kando yangu kwenye benchi, kofia magotini. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake na masikio yake. Wazee walisema kwa Ekegusii, mmoja baada ya mwingine, kwamba mtu hafi kwa ini la ng'ombe hivihivi, mtu ametia kitu. Nilimtafsiria hayo. Kisha Nyamweya akasimama. Alisema yeye ni mkulima, hajui mambo ya dawa, lakini yule mgeni ana sanduku la bati lenye kufuli, na hakuna aliyewahi kuona ndani isipokuwa mtu mmoja. Hakunitazama aliposema hivyo. Wengine wote walinitazama.

Chifu akaniuliza kwa lugha yetu, kwa upole, kama unavyomwuliza mtoto wa nyumbani: "Moraa, wewe umeona ndani. Kuna dawa humo ya kuweza kuangusha ng'ombe?"

Ilikuwepo. Chupa mbili, hazijafunguliwa, kwa ajili ya kumwokoa simba kutoka kwenye mwiba. Ningeweza kusema hivyo. Ni sentensi moja. Ningeweza kusema mengine pia. Lakini nilimwona mume wa Kerubo, na nilijua sentensi yoyote ya pili ingefuatwa na ya tatu, na ya tatu ingefika kwenye jioni ile jikoni na msichana aliyeeleza kwa fahari simba anaanzia wapi. Nikasema, "Iko." Odera aliinama kwangu, akauliza wanasema nini. Nikamwambia, "Wanauliza kama utaendelea kukaa." Alinitazama kwa muda, kisha akageuka akatazama mbele, mikono juu ya kofia yake. Jiwe la kwanza lilimpiga sikioni.

Chifu na askari wake wawili walimwondoa akiwa hai, na hilo lilikuwa kazi. Wanaume walipokosa wa kupiga walikwenda korongoni, na mbwa, na mapanga, na mishale. Ilikuwa saa nane mchana. Nilifuata. Sijui kwa nini nilifuata. Labda kwa sababu nilikuwa nimezoea kuwa pale saa hizo. Simba alikuwa na njia ya kutorokea, ile ya kushuka kijitoni, niliijua kama njia ya chooni kwetu, na angekuwa peke yake angeitumia. Alitoka kichakani akaja mbele, akasimama kati yao na watoto, akanguruma kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na taya lake bovu likafunguka upande. Alipasua mbwa mmoja na bega la mtu mmoja. Walimchoma mishale akawa anazungukazunguka akijing'ata ubavu, kisha wakamkaribia kwa mapanga, na ilichukua muda mrefu zaidi ya ninavyotaka kuandika. Mtoto mmoja walimwulia palepale. Yule mwingine, jike, walimfunga kamba ya katani miguu minne wakamning'iniza kwenye mti wa kubebea mabegani na kumpeleka sokoni, na pale watu waliniita niseme ni dume au ni jike, kwa sababu mimi ndiye mtaalamu. Niliinua mkia nikawaambia. Alikuwa na ukubwa wa mbwa, na alinitazama bila kunijua, kwa sababu miezi yote ile mimi nilikuwa juu ya jiwe na yeye hakuwahi kuniona. Walimfungia ndani ya tenga la kuku. Watoto wa shule walimchokoa kwa vijiti. Alikataa maziwa ya ng'ombe, na siku ya tatu alikuwa amekauka.

Wiki moja baadaye nilichukua chupa ya uji wa wimbi nikaenda Kisii mjini, hospitalini. Odera alikuwa wodi ya wanaume, kitanda cha mwisho karibu na dirisha, taya limefungwa waya, jicho la kushoto limefunikwa, ambalo baadaye waliling'oa. Nilikuwa nimejipanga kumwambia kila kitu. Nilikuwa nimerudia maneno njia nzima. Nilimmiminia uji kwenye kikombe, nikamwekea mrija, na nilipofungua mdomo aliinua mkono kunizuia. Alizungumza kupitia meno, polepole, mate yakimtoka, nami ikabidi niiname ili nimsikie.

"Nilielewa," alisema. "Miezi yote jikoni kwa Kerubo, unadhani nilikuwa nakula tu? Nilisikia chifu ameuliza nini na nilisikia umejibu nini. Nilikuwa nangoja umalizie."

Mtu wa kitanda cha pili alikuwa anakohoa. Odera alikunywa uji kidogo, akapumzika, akanywa tena. Akasema asubuhi ile nilipokimbia alikuwa bado hajaona kitu, na mtu hakimbii vile kama hajui. Hakuniuliza ni nani aliyetia sumu, na sikumwambia. Kisha akauliza kitu alichokuwa anakitaka tangu nilipoingia, nilikiona kwenye lile jicho moja, na kwa mara ya kwanza niliona anaogopa. Aliuliza mama na watoto wako wapi.

Nilimwambia wameondoka. Nikasema niliwaona mwenyewe kwa darubini, alfajiri, wakiteremka kijitoni, yeye mbele na wawili nyuma, wakaingia kwenye nyasi. Nikataja saa na dakika. Aliniangalia kwa muda mrefu, kama alivyoniangalia barazani, kisha akafumba jicho na kusema asante, Moraa, na nilijua kwamba alikuwa amenielewa tena.